Wino Chini ya Ngozi: Maisha ya Paul Kammerer



Ndugu wasomaji, ukurasa huu umezoea kubeba maisha ya masahaba, maimamu na mashekhe. Safari hii nimeleta maisha ya mtu ambaye hakuwa Mwislamu. Alikuwa mtaalamu wa wanyama katika mji wa Vienna, Austria, naye amekufa karibu miaka mia moja iliyopita. Jina lake ni Paul Kammerer. Niruhusuni nianze na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifikisha kwake.

Muhula uliopita nilipewa zamu ya kutoa darsa fupi baada ya swala ya Alasiri. Nilitaja hadithi moja juu ya fadhila za kutafuta elimu, nikasema imepokewa na Bukhari. Ukweli ni kwamba niliipata kwenye simu, na ujumbe ule ulidai tu kuwa hadithi ni sahihi. Jina la Bukhari niliongeza mimi, pale pale nilipokaa, ili maneno yapate uzito. Darsa ilipokwisha, dada mmoja anayesoma baiolojia aliniuliza imo katika kitabu gani na mlango gani. Nikamwambia nitamletea. Nilitafuta siku tatu nisiione. Nilipomrudia na visingizio vyangu hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimewahi kusikia habari za Kammerer na salamanda wake. Sikuwahi. Basi nikaenda kusoma.

Kammerer alizaliwa Vienna tarehe 17 Agosti 1880. Kijana huyu alisoma muziki, akapiga piano na kutunga nyimbo, na katika Chuo Kikuu cha Vienna akasoma elimu ya wanyama. Mwaka 1903 mtaalamu mmoja, Hans Przibram, pamoja na wenzake wawili, walifungua taasisi ya utafiti katika bustani kubwa ya Prater mjini humo. Watu waliiita Vivarium. Wakati ule kazi nyingi za elimu ya wanyama zilifanywa juu ya wanyama waliokufa, waliotiwa kwenye chupa za spiriti. Przibram alitaka kuwaangalia wakiwa hai, mwaka baada ya mwaka, huku joto, mwanga na unyevu vikidhibitiwa. Kwa hiyo alihitaji mtu mwenye mkono wa kufuga, akampata Kammerer. Katika jambo hili marafiki na mahasimu wake walikubaliana: alijua kuwaweka hai na kuwazalisha wanyama ambao wengine waliwafia mikononi.

Huku kwetu hatuna salamanda, kwa hiyo nieleze kidogo. Ukimwona kwa mbali utasema ni mjusi, kwa sababu ana mkia mrefu na miguu minne mifupi. Lakini hana magamba. Ngozi yake ni laini na yenye unyevu, na ukoo wake uko karibu na chura kuliko mjusi. Ulaya wako wawili waliomshughulisha sana Kammerer. Mmoja anaitwa salamanda wa moto: ni mweusi mwenye madoa ya manjano yanayong'aa, na hutoa watoto wengi majini, wakiwa bado na mashavu ya kupumulia kama samaki. Wa pili ni salamanda mweusi wa milima ya Alps, ambaye huzaa watoto wawili tu, nchi kavu, wakiwa wamekwisha kukamilika.

Swali lililokuwa likiwagawa wanazuoni wa zama zile tunaweza kulieleza kwa mfano wa jembe. Mkulima anayelima miaka thelathini huota sugu viganjani. Je, mtoto wake atazaliwa na alama yoyote ya sugu ile? Mfaransa Lamarck alikuwa amefundisha kwamba mabadiliko anayoyapata kiumbe maishani yanaweza kurithiwa na kizazi chake. Kundi jingine lilikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba kinachorithiwa ni kile kilichomo ndani ya mbegu za uzazi tu, na jasho la baba haliandiki kitu humo. Mwaka 1900 kazi ya mtawa Mendel juu ya njegere iligunduliwa upya, na kundi hili la pili likapata nguvu. Kammerer alisimama upande wa kwanza, na alitumaini kwamba elimu hii ingeleta habari njema kwa wanadamu: kwamba malezi bora na mazingira bora ya leo yangebaki katika damu ya wajukuu.

Aliwachukua salamanda wa moto akawafuga wengine juu ya udongo wa manjano na wengine juu ya udongo mweusi. Baada ya miaka akaeleza kwamba waliokaa kwenye manjano madoa yao yalipanuka, na waliokaa kwenye weusi madoa yalipungua. Kisha akadai jambo zito zaidi, kwamba watoto wao walirithi mabadiliko hayo. Kazi hiyo aliichapisha kwa urefu mwaka 1913. Jaribio jingine lilihusu kuzaa. Alimnyima maji salamanda wa moto, akaripoti kwamba mwishowe alizaa watoto wachache na wakubwa nchi kavu kama yule wa Alps. Yule wa Alps, alipowekwa penye joto na maji, akazaa kama salamanda wa moto.

Lakini mnyama aliyemletea sifa na msiba ni chura. Ulaya yuko chura aitwaye mkunga, kwa sababu dume huzibeba kamba za mayai zikiwa zimemzunguka miguu ya nyuma mpaka yakaribie kuanguliwa. Vyura wengi hupandana majini, na msimu ukifika madume huota sugu nyeusi zenye mikwaruzo kwenye mikono ya mbele, za kumshikia jike asiteleze. Chura mkunga hupandana nchi kavu, kwa hiyo hana sugu hizo. Kammerer alizidisha joto, vyura wakakimbilia majini na kuzaana humo. Akasema kwamba baada ya vizazi kadhaa madume yakaota sugu nyeusi. Mwenyewe hakuuona huo kuwa ushahidi wake mkubwa kabisa, lakini watu walishikilia huo.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Kammerer alipelekwa kufanya kazi ya kukagua barua. Katika Vivarium wafanyakazi walipungua, chakula na mafuta vikawa haba, na wanyama waliokuwa wamezalishwa kwa miaka mingi wakafa. Vita vilipokwisha, kwa upande wa sugu za chura kulibaki shahidi mmoja tu: chura dume ndani ya chupa ya spiriti. Fedha ya Austria nayo ilikuwa imeporomoka. Kammerer akawa anaishi kwa kutoa mihadhara na kuandika magazetini.

Mwaka 1923 alialikwa Uingereza. Aliongea Cambridge, kisha mbele ya Jumuiya ya Linnean mjini London, na chura yule alikuwepo mezani watu wamtazame. Magazeti yalimpamba kupita kiasi, mengine yakamlinganisha na Darwin. Mwaka huo huo na uliofuata alifanya ziara za mihadhara Marekani. Mpinzani wake mkuu alikuwa Mwingereza William Bateson, mtu aliyeipa elimu ya urithi jina lake la jenetiki. Kwa miaka mingi Bateson alitaka jambo moja: aionyeshwe sugu ile kwa ukaribu. Baada ya London aliomba chura apelekwe Uingereza achunguzwe. Vienna ilikataa, kwa hoja kwamba ni wa mwisho na huenda akaharibika njiani. Bateson alikufa Februari 1926 bila kupata alichokiomba.

Mwaka huo huo Mmarekani Gladwyn Kingsley Noble, wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani mjini New York, alifika Vienna. Yeye aliruhusiwa kumtoa chura chupani na kumchunguza kwa hadubini na kwa dawa. Tarehe 7 Agosti 1926 jarida la Nature likachapisha aliyoyaona. Mikwaruzo ya sugu hakuikuta. Weusi uliokuwa mkononi haukuwa rangi ya mwili. Ulikuwa wino mweusi, wino wa kuandikia na kuchorea, uliosukumwa chini ya ngozi. Katika toleo hilo hilo Przibram, bosi na rafiki wa Kammerer, alikiri kwamba wino ulikuwemo kweli.

Kammerer alikuwa akijiandaa kuhamia Moscow, alikokuwa amepewa nafasi ya kuanzisha maabara. Alikwenda kumtazama chura mwenyewe. Kisha aliwaandikia watu wa Moscow barua ambayo maana yake ni hii: kwamba Noble amesema kweli, kwamba kuna vielelezo vingine pia, wakiwemo salamanda waliotiwa weusi, ambao baada ya kufa waliboreshwa kwa wino, kwamba si yeye aliyefanya hivyo, na kwamba hata hivyo hastahili tena kuipokea kazi ile. Tarehe 23 Septemba 1926, wiki zisizotimia saba tangu makala ya Noble, alipanda njia ya mlima Schneeberg, karibu na kijiji cha Puchberg, akajipiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Hapa nasimama kidogo, ndugu zangu. Kujiua katika dini yetu ni haramu, na nafsi ni amana ya Mwenyezi Mungu tuliyokabidhiwa. Nalisema hili kwa kila kijana anayesoma ukurasa huu akiwa amebeba aibu ya mtihani, deni au kosa lililofichuka: mlango wa toba haufungwi na makala ya gazeti. Usikae peke yako na jambo kama hilo, mwendee mtu umweleze. Ama Kammerer, hukumu yake iko kwa Mola wake, si kwangu.

Nani alitia wino? Mpaka leo hakuna aliyethibitishwa. Wapo waliosema ni Kammerer, na wakakichukua kifo chake kuwa ndio ushahidi. Wapo waliosema ni adui aliyetaka kumwangusha. Urusi walitengeneza filamu iitwayo Salamandra mwaka 1928, iliyoandikwa na waziri wao wa elimu Lunacharsky, nayo iliwabebesha mahasimu wake lawama. Mwandishi Arthur Koestler aliandika kitabu kizima mwaka 1971 kumtetea. Ipo dhana nyingine ambayo mimi hunikosesha usingizi: kwamba huenda alikuwa msaidizi aliyempenda, aliyeona weusi wa kweli unafifia ndani ya spiriti, akaona si vibaya kuukoleza.

Sisi tunaosoma mustalah tunamfahamu mtu wa namna hiyo. Vitabu vya elimu ya hadithi vinamtaja Nuh bin Abi Maryam, aliyezua riwaya za fadhila za sura za Qur'ani moja baada ya nyingine. Alipoulizwa, sababu yake ilikuwa kwamba ameona watu wameiacha Qur'ani, akataka kuwarudisha. Nia yake aliiona njema. Maulamaa hawakumpokea kwa nia yake. Waliziandika riwaya zake katika hesabu ya uongo, na jina lake likabaki onyo kwa wanafunzi mpaka leo. Kwa sababu mtu akishatia wino mahali pamoja, hata mahali alipotaka kusaidia, tutajuaje kwamba pengine hakutia?

Ndivyo ilivyokuwa kwa Kammerer. Salamanda wale wa udongo wa manjano na mweusi, miaka yote ile ya kuwalisha na kuwahesabu, yote iliingia katika shaka moja pamoja na mkono wa chura. Mwaka 2009 mtaalamu wa Chile, Alexander Vargas, alipendekeza kwamba baadhi ya matokeo ya vyura wake huenda yana maelezo katika elimu mpya inayochunguza jinsi mazingira yanavyoweza kuziwasha na kuzizima jeni. Wengine walimpinga. Inawezekana kwamba kulikuwa na jambo la kweli katika banda lile la Vienna. Kama lilikuwepo, wino ulilizika.

Katika miaka ile ile, rangi ya salamanda ilikuwa ikitoa jibu lake kwa watu wengine, kimya kimya. Mwaka 1864 salamanda 34 wa Mexico, waitwao aksoloto, walifikishwa Paris wakiwa hai. Mtaalamu Auguste Duméril alipewa sita akaanza kuwazalisha, na miongoni mwa waliofika alikuwemo dume mweupe. Kizazi chao kilienea katika maabara nyingi. Mwaka 1908 Mjerumani Valentin Haecker aliandika juu ya kuwapandisha weusi na weupe. Weupe, ilionekana, hufuata kanuni ya Mendel. Mzazi mweusi halisi na mzazi mweupe huzaa watoto weusi wote. Watoto hao wakizaana wao kwa wao, weupe hurudi, takribani mmoja katika kila wanne. Ulikuwa umejificha tu, haukupotea.

Baadaye wakajifunza kwa nini. Ngozi ya salamanda ina aina tatu za seli za rangi: zinazobeba weusi, zinazobeba manjano, na zinazorudisha mwanga kama vioo vidogo. Seli hizi huanzia mgongoni mwa kiinitete, kisha husafiri kuteremka ubavuni. Katika aksoloto mweupe seli za rangi zipo, ila safari yao hukwama. Kwa hiyo ngozi hubaki nyeupe na macho yakabaki meusi. Yuko pia aksoloto zeruzeru, ambaye seli zake husafiri vizuri lakini haziwezi kutengeneza weusi, naye huonekana wa dhahabu, na macho yake hayana weusi. Kwa jicho la haraka wote wawili ni wa rangi nyepesi. Anayetazama macho yao ndiye anayejua kwamba sababu ni mbili tofauti. Subhanallah, katika mnyama wa urefu wa kiganja na kidogo zaidi.

Nilipoyasoma haya niliona tofauti ya watu hawa haikuwa akili. Kammerer alikuwa na akili na alikuwa na mkono wa kufuga kuwashinda wengi. Tofauti ilikuwa njia za kupokea habari. Aksoloto walikuwa katika maabara nyingi, na yeyote mwenye shaka angeweza kuwapandisha na kuhesabu mwenyewe. Hiyo ni habari iliyopokewa na wengi kutoka kwa wengi. Sugu ya Vienna ilikuwa na mpokezi mmoja, na shahidi mmoja ndani ya chupa, na aliyeomba kumwona kwa karibu alizuiwa. Hata kama mpokezi yule alikuwa mkweli, njia yake ilikuwa dhaifu, na udhaifu huo ndio uliompa mtia wino nafasi.

Tena kuna upande wa pili wa mizani. Sisi wenyewe tunaposikia kashfa ya mtu, haraka tunatoa hukumu. Suratul Hujuraat inatuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na inatukataza dhana mbaya. Wino ulithibitishwa, kwa hiyo kusema kwamba ulikuwemo ni haki na ni wajibu. Mkono ulioutia haukuthibitishwa, kwa hiyo kumtaja mtu ni kumsingizia. Noble mwenyewe katika makala yake alieleza alichokikuta ndani ya ngozi. Mtu anaweza kuwa mkali kwa ushahidi bila kuwa mkali kwa nafsi ya mwenzake, na yule dada wa baiolojia alinifundisha hivyo kwa mwenendo wake kabla sijakisoma popote.

Na Przibram je? Yeye aliishi kuona mengi zaidi. Alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na Wanazi walipoichukua Austria mwaka 1938 alifukuzwa katika taasisi aliyoijenga kwa mali yake. Alifia katika kambi ya Theresienstadt mwaka 1944. Jengo la Vivarium liliteketea mwaka 1945, vita vilipokuwa ukingoni. Kilichobaki duniani kutokana na kazi ya mahali pale ni kile kilichoandikwa na kuaminika.

Sasa nirudi kwangu. Sisi tunaijua sugu ya aina nyingine, ile ya paji la uso kwa wingi wa kusujudu. Hebu mfikirie mtu anayejichora sugu kwa wino ili aheshimiwe msikitini. Sote tungemcheka. Nami, nilipoongeza jina la Bukhari juu ya maneno nisiyojua yalikotoka, nilifanya kitu gani tofauti? Tena mimi nilitia wino katika maneno yanayonasibishwa kwa Mtume (S.A.W.), jambo ambalo onyo lake ni kali kuliko la chura wa Vienna.

Wiki iliyofuata niliomba tena zamu ya darsa. Nikasimama mbele ya watu wale wale, nikasema kwamba hadithi niliyoitaja sikuipata katika Bukhari, kwamba jina lile nililiongeza mimi, na kwamba aliyeipeleka kwa mwingine amrudie amwambie. Wengine waliinamisha vichwa. Kaka mmoja alicheka. Wengine, baadaye, walinijia na zao: mmoja alijaza jedwali la vipimo ambavyo hakuvipima, mwingine aliandika majibu ya hojaji ambazo hakuzigawa kwa mtu. Kila mmoja alikuwa na hoja kwamba jibu lenyewe lilikuwa sahihi, ila alilikoleza tu.

Ndugu zangu, mitihani na tafiti za mwisho wa mwaka zinakaribia. Ukikosa kipimo, andika kwamba umekosa. Ukiwa na hadithi usiyojua iliko, sema hujui iliko. Rangi iliyofifia ikiwa ni ya kweli, iache ififie, na mwenye kuomba kuitazama kwa karibu mfungulie chupa.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyaongeza, na atupe ulimi na kalamu vyenye amana. Amin.

Wallahu a'lam.